Kabla ya Sufuria Kuepuliwa

Aperitivo ni desturi ya Waitaliano ya kunywa na kutafuna kidogo kabla ya mlo wa jioni. Neno lenyewe lina mzizi wa Kilatini, kitenzi aperire, maana yake kufungua, na kinachofunguliwa ni hamu ya kula. Kuanzia yapata saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku, mtu atokaye kazini hupitia baa, akaagiza glasi moja ya kitu chepesi chenye uchungu, akaletewa kisahani cha zeituni, karanga au vipande vya mkate vilivyopakwa kitu cha chumvi. Hupiga gumzo na wenzake, mara nyingi wote wakiwa wamesimama, kisha kila mmoja huenda kwao kula. Glasi haikukusudiwa kulewesha wala kisahani hakikukusudiwa kushibisha. Vyote viwili ni bawabu: kazi yao ni kufungua mlango, si kuingia ukumbini na kukalia kiti cha mgeni.

Kiswahili kina maneno mengi ya nyakati za mlo. Kipo kifungua kinywa cha asubuhi, kipo chamcha, kipo chajio. Kipo kitafunio, kipo kitoweo, kipo hata kishushio, kile kinachonywewa ili tonge lishuke. Lakini kile kinachotangulia chajio na kukisafishia njia hakijapata jina lililozoeleka. Kinachokikaribia ni futari ya mwezi wa Ramadhani, maana hapo nako watu husema wanafungua: jua likishatua, tende na maji au uji huingia kwanza, swala ya magharibi huswaliwa, ndipo mlo wenyewe unapoandaliwa. Tumbo lililokaa tupu mchana kutwa hubishiwa hodi kabla ya kuvamiwa. Mpangilio ni uleule wa aperitivo, ila hauna pombe na una ibada ndani yake.

Kukosa jina si kukosa desturi. Mji wa Machakos, kilomita 60 na ushei kusini-mashariki mwa Nairobi, una saa yake ya kungojea chajio, na mtu akiitazama vizuri atakuta karibu kila kiungo cha aperitivo kimo. Kisichofanana ni kile kinachofuata.

Wataalamu wa vinywaji wa Italia walianza na uchungu, na uchungu una sababu. Ulimi ukionja kitu kichungu, mate hujaa kinywani na tumbo huanza kutoa majimaji ya kusaga chakula. Ndiyo maana dawa za kienyeji za kurejesha hamu ya kula, kwa mataifa mengi, ni chungu. Mwaka 1786, mjini Torino, Antonio Benedetto Carpano alianza kuuza divai iliyotiwa viungo na mitishamba, akaiita vermouth, jina lililotokana na neno la Kijerumani la mmea ambao jamaa yake katika Afrika Mashariki huitwa pakanga. Mwaka 1860 Gaspare Campari alitengeneza kinywaji chekundu chenye uchungu mkali huko Novara, na mwaka 1915 mwanawe Davide akafungua baa ya Camparino katika lile jengo la vioo lililo kando ya kanisa kuu la Milano. Aperol ilifuata mwaka 1919 katika mji wa Padova, nyepesi zaidi, yenye asilimia 11 tu ya kileo. Glasi yake maarufu leo huchanganywa kwa vipimo vitatu vya divai ya povu, viwili vya Aperol na kimoja cha maji ya soda.

Chumvi nayo ina kazi yake. Humtia mtu kiu, na mwenye kiu huagiza tena, jambo ambalo wenye baa wa Milano na wa Machakos wanalijua sawasawa bila kufundishana. Lakini kitafunio kina faida nyingine iliyo upande wa mnywaji. Kileo hufyonzwa kwa wingi zaidi kwenye utumbo mwembamba kuliko tumboni; kukiwa na chakula, tumbo huchelewa kufungua lango lake la chini, na kileo huingia kwenye damu pole pole. Anayekunywa bila kutia kitu tumboni hulewa upesi. Kisahani cha zeituni, basi, ni breki.

Machakos haina zeituni. Ina mutura.

Mutura ni utumbo wa mbuzi au ng'ombe uliooshwa ukaoshwa tena, ukajazwa nyama iliyokatwakatwa, damu, kitunguu, dhania, pilipili na chumvi, ukafungwa ncha zote mbili, ukachemshwa, kisha ukawekwa juu ya makaa hadi ngozi ikakauka na kuanza kupasuka. Asili yake inajulikana kuwa kwa Wakikuyu, lakini kando ya barabara za mijini Kenya hakuna anayeuliza tena asili. Muuzaji huwasha jiko lake jua linapoelekea kutua. Mbele yake kuna ubao wa mti uliochongwa na kisu kwa miaka, juu yake kilima kidogo cha chumvi na bakuli la kachumbari. Mteja husimama, hutaja fedha badala ya uzito, kisu hukata vipande vyembamba, naye huvila palepale, akichovya kimoja kimoja kwenye chumvi. Anayekula si rahisi kukaa zaidi ya dakika kumi. Pembeni yake wapo wengine wanne watano, wengine hawajuani, na mazungumzo huanza yenyewe: nauli imepanda, mvua ya vuli imechelewa, timu fulani imefungwa. Ukiondoa damu na moshi, hii ni baa ya Venezia, ambako wenyeji husimama kaunta na glasi ndogo ya divai wakila vitonge vya samaki na mkate viitwavyo cicchetti.

Kwa jirani wa mutura kuna supu. Mifupa na vichwa vya mbuzi huchemka mchana kutwa katika sufuria kubwa, na jioni mchuzi huo hunywewa kwenye kikombe, moto, wenye pilipili na ndimu. Baadhi ya wapishi hutia mizizi na magamba ya miti, na hapo supu hubadilika rangi na kuwa chungu. Wateja huiita supu ya dawa na kuinywa wakikunja uso. Hakuna aliyewaambia habari za Campari. Uchungu uleule, kazi ileile, ila kikombe ni cha moto kwa sababu mji umekaa juu, mita 1,600 hivi, chini ya vilima vya Iveti, na jioni ya Juni au Julai upepo wake hautaki barafu.

Jua pia linastahili kutajwa, kwa kuwa saa ya kunywa huanza nalo. Italia, majira ya kiangazi, jua hutua karibu saa tatu usiku. Majira ya baridi huwa limeshazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo aperitivo hufuata saa ya ukutani. Machakos iko digrii moja na nusu hivi kusini mwa ikweta, na jua lake hutua karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Ofisi za kaunti na mahakama zikishafungwa, mtu ana saa moja ya mwanga ya kufanyia apendalo, kila siku, iwe Januari au Agosti. Kisha giza huingia kwa ghafla, kama mtu aliyezima taa.

Sheria iliikuta saa hiyo ikaipigia mhuri. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ambayo Wakenya huiita Sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha, iliweka saa za baa kuwa kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana siku za mapumziko. Nia ilikuwa kuwazuia watu kunywa asubuhi. Matokeo yake, ambayo huenda bunge halikuyafikiria, ni kwamba siku za kazi nchi nzima ilipewa saa rasmi ya kuanza kunywa, na saa hiyo ikaangukia papo hapo kabla ya chajio. Italia haikuhitaji sheria kupanga jambo hili. Baada ya katiba ya mwaka huohuo wa 2010, kazi ya kutoa leseni za vileo ilikabidhiwa serikali za kaunti, ndiyo maana leo leseni ya baa ya Machakos ni habari ya Machakos.

Wakamba, wenyeji wa Machakos, walikuwa na utaratibu wao wa zamani zaidi. Uki ni jina lao la pombe, na kaluvu ndiyo inayotajwa zaidi: asali au maji ya miwa yaliyochachushwa kwa tunda lililokaushwa la muatine, mti ambao kwa Kiswahili huitwa mvungunya, wenye matunda makubwa yaning'iniayo kama soseji. Asali haikuwa shida kwa watu waliotundika mizinga ya magogo kwenye miti kote Ukambani. Pombe hiyo ilikuwa ya wazee. Ilinywewa kwenye mahari, kwenye mabaraza ya kuamua kesi, kwenye shughuli za kiukoo, na tone la kwanza lilimwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia. Kijana hakuigusa. Wala haikuwa ya kufungua hamu ya chakula, kwa kuwa yenyewe ilikuwa shughuli. Hapo pana tofauti kubwa na aperitivo, ambayo haina cheo wala umri wala sababu, ila siku kwisha.

Ukoloni ulileta ratiba mpya. Machakos ilikuwa kituo cha utawala wa Waingereza kabla ya Nairobi kuwapo. Makao yalihamishiwa Nairobi mwaka 1899, reli ilipokuwa imepita mbali na mji. Walowezi walikuwa na desturi yao ya kunywa jua likitua, waliyoiita sandauna, kwa kawaida jini na maji ya toniki. Toniki ina kwinini, dawa ileile chungu iliyotumika kutibu malaria, na hivyo kinywaji cha barazani kilikuwa binamu wa vermouth kwa upande wa uchungu. Waafrika hawakualikwa. Kwa miaka mingi sheria iliwakataza pombe kali za Kizungu, na mijini walitengewa vilabu vya manispaa vya kunywea pombe iliyoruhusiwa. Hivyo mtu wa Machakos alijifunza kwamba kunywa jioni ni jambo la kwenda mahali palipotengwa, mbali na meza ya kulia. Ukuta huo kati ya kinywaji na chakula cha nyumbani haujaanguka.

Kilichobadilika ni kilichomo glasini. Kenya Breweries ilianza mwaka 1922, na bia yake ya Tusker ilipewa jina baada ya mmoja wa waanzilishi, George Hurst, kuuawa na ndovu. Mwaka 2004 kampuni hiyo ilileta Senator, bia ya pipa inayouzwa kwa kikombe cha plastiki, iliyopunguziwa ushuru ili ishindane na pombe haramu. Wanywaji huiita kegi tu. Hutengenezwa kwa mtama, nafaka inayostahimili ukame wa mashariki mwa Kenya, hata baadhi ya wakulima wa Ukambani wakaanza kupanda kwa ajili ya kiwanda. Kegi ina nguvu kiasi, lakini hainywewi kwa kiasi. Vikombe hupangwa mezani. Nayo haikuondoa hatari iliyoifanya ianzishwe. Mwaka 2005, mwaka mmoja tu baadaye, makumi ya watu wa eneo la Machakos walikufa na wengine wakapofuka kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Katika simulizi za visa kama hivyo kuna jambo moja linalorudi: mtu alipitia kilabu akitoka kazini, kidogo tu, kabla ya kwenda kula.

Kinywaji cha Kenya kinachostahili kuitwa aperitivo bila kubishaniwa kinapatikana Nairobi, kwenye mkahawa wa Carnivore uliofunguliwa mwaka 1980. Huitwa dawa. Ni vodka, ndimu, sukari na barafu, pamoja na kijiti kilichoviringishwa asali, ambacho mnywaji hukikorogea mwenyewe hadi utamu umfae. Mhudumu huja nayo mezani kabla nyama haijaanza kukatwa. Wazo lake linahusishwa na caipirinha ya Brazili, lakini jina ni la hapa, na lina utani wa kweli: dawa huja kabla ya ugonjwa wa kula kupita kiasi. Watalii waliondoka nalo. Malindi, kwa upande wake, ilipokea aperitivo kutoka kwa wenyewe. Waitaliano walifika pwani hiyo miaka ya 1960 na mradi wa anga wa San Marco ulioongozwa na Luigi Broglio, ambao tarehe 26 Aprili 1967 ulirusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini karibu na Ngomeni. Nyuma ya wanasayansi walikuja wenye hoteli, mikahawa na aiskrimu, na leo vijana wengi wa Malindi husema Kiitaliano cha biashara bila kukisomea darasani. Hata hivyo glasi za rangi ya chungwa za Malindi ni za mgeni. Hazijapanda reli kuja bara.

Lakini sehemu kubwa ya Machakos hainywi kabisa, na ingekuwa kosa kuisahau. Wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Ukambani mwaka 1895 wakiongozwa na Peter Cameron Scott, na kanisa lililozaliwa na kazi hiyo, Africa Inland Church, lina mizizi ya kina katika eneo hili na msimamo usioyumba kuhusu pombe. Kwa familia hizo saa ya kungojea chajio ni ya chai. Chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja na sukari humiminwa kwenye thamosi mapema, ikafuatwa na mandazi, nduma au viazi vitamu, na mgeni akibisha hodi saa kumi na moja hapati nafasi ya kukataa. Chai hii ina kasoro moja kama kifungua hamu: hushibisha. Watoto waliokula mandazi matatu huikuta isyo, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, ikiwatazama saa mbili baadaye nao wakaitazama tu. Mama wa nyumba hulijua hilo, ndiyo maana mandazi huhesabiwa.

Kipo pia kitu kinachofanya kinyume kabisa. Katika maegesho ya malori ya mji wa Mlolongo na kwenye vituo vya bodaboda, saa ya jioni ni ya kutafuna muguka au miraa, pamoja na njugu karanga, pipi ya mpira na soda. Kwa macho inafanana na aperitivo: kinywaji, njugu, maongezi. Lakini viini vya majani hayo huua njaa na kufukuza usingizi. Anayeyatafuna huiweka sahani ya ugali kando hadi usiku wa manane, pengine asiiguse. Hapo mlango hufungwa kwa komeo.

Hata Italia bawabu ameanza kuingia ukumbini. Tangu miaka ya 1990 baa za Milano zilishindana kuweka meza zilizojaa wali, tambi na nyama kwa bei ya glasi moja, wanafunzi wakagundua kwamba hawahitaji tena kupika, na pakazuka neno apericena, muungano wa aperitivo na cena, yaani chajio. Wazee wa huko hulitamka kwa dharau. Machakos iliwatangulia kwa mbali. Mtu huanza na kipande cha mutura, akaongeza kikombe cha supu, akapita kwa mchoma nyama na kuagiza nusu kilo ya mbuzi na ugali wa kando, sahani ikaletwa kwenye ubao huku muziki wa benga wa Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers ukilia kwa nyuma, na ifikapo saa tatu huwa amekula, amekunywa na amemaliza. Hakufungua hamu; aliimaliza.

Na kwa kuwa aliye kwenye ubao wa nyama ni baba mara nyingi zaidi kuliko mama, desturi hii ina upande wa nyumbani ambao Italia haiujui sana. Huko wanaume na wanawake husimama kaunta pamoja. Machakos, mwanamke huonekana kwa mutura siku hizi, hasa msichana wa chuo au mfanyakazi wa ofisi anayengoja matatu, lakini bado huangaliwa mara mbili. Aliye nyumbani amesonga ugali, amekaanga sukuma wiki, taarifa ya habari ya saa moja imeisha, na sahani moja imefunikwa kwa nyingine juu ya meza. Baba akirudi akasema ameshiba, hakuna asiyejua ameshibia wapi wala kwa fedha gani. Ugomvi wa nyama iliyoliwa barabarani ni wa zamani kwenye nyumba nyingi za Kenya, na vichekesho vya redioni havijaumaliza.

Mahali ambapo Wakamba hufungua hamu kama inavyotakiwa ni kijijini, siku ya kuchinjwa mbuzi. Nyama ya kuchemsha itachukua saa mbili tatu, na wageni wameshafika. Mchinjaji hutoa maini na figo, akazipitisha motoni kwa dakika chache zikiwa na chumvi tu, akakata vipande vidogo kwenye jani au kifuniko cha sufuria, na kifuniko hicho huzunguka, kikianza kwa wazee. Kila mtu huchukua kipande kimoja. Kaluvu ipo kwa anayeinywa, chai ipo kwa asiyeinywa. Mikono hunawiwa baadaye, sufuria ikishaepuliwa.